Jibu la mtaalamu: Tumepewa marekebisho ya mkopo na samansi kwa wakati mmoja, tufuate lipi?

Swali

Kaka, pokea salamu kutoka Columbus, Ohio. Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Uvira. Mume wangu ni dereva mwenye lori lake mwenyewe, kwa hiyo tulipotaka kununua nyumba benki zilimkataa kwa kukosa hati za mshahara, na dalali akatupeleka kwa kampuni iliyokubali kuangalia taarifa za akaunti ya benki peke yake. Tulikopeshwa dola 240,000 kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 8.75, na hati ya deni ina jina la mume wangu tu. Kodi ya nyumba na bima ni kama dola 550 kwa mwezi juu ya rejesho. Tulilipa miezi 18, kisha injini ya lori ikafa, na sasa tuna malimbikizo ya miezi mitano. Kwa sasa mapato yetu wote wawili ni takriban dola 6,200 kwa mwezi kabla ya kodi. Kampuni imetuletea barua ya kurekebisha mkopo: riba asilimia 7.5 isiyobadilika, miaka 40, na malimbikizo yote yaingizwe kwenye deni. Lakini siku tisa zilizopita tumepokea samansi ya mahakama, na jina langu limo. Afisa wa kampuni alituambia kwa simu tusihangaike na kesi. Ndugu mmoja wa jumuiya yetu anasema tukimpa dola 3,500 atausimamisha mnada. Je, tusaini barua hiyo? Na dalali aliandika mapato makubwa kuliko ya kweli. Jambo hilo litatudhuru? Nyumba ya jirani inayofanana na yetu imeuzwa hivi karibuni kwa dola 290,000.

Jibu

Dada yangu, nianze na lile lisiloweza kusubiri. Samansi na barua ya marekebisho ni shughuli mbili zinazoshughulikiwa na watu tofauti, na moja haisimami kwa sababu tu nyingine inaendelea. Afisa aliyezungumza nanyi kwa simu huenda alisema kwa nia njema, lakini wakili aliyefungua kesi hafanyi kazi kwa maneno ya simu. Kwa kanuni za mashauri ya madai za Ohio, mdaiwa ana siku 28 tangu alipofikishiwa samansi kuwasilisha majibu ya maandishi mahakamani na kumpelekea wakili wa mdai nakala yake. Siku hizo zikipita kimya, mdai anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja, na hapo hata hoja nzuri mliyo nayo itakuwa imekosa mahali pa kusikilizwa. Kwa hesabu ya barua yako mlikuwa mmebakiwa na siku 19. Leo nendeni kwenye ofisi ya msaada wa kisheria ya eneo lenu, ambayo haitozi wenye kipato kidogo, na kama itachelewa kuwapokea, andikeni majibu wenyewe hata yakiwa mafupi, na ndani yake ombeni usuluhishi. Mahakama nyingi za Ohio zina utaratibu wa usuluhishi kwa kesi za nyumba, ambapo mwakilishi wa mkopeshaji huketi na mwenye nyumba mbele ya msuluhishi. Mkihitaji mkalimani wa Kiswahili, mwombeni mapema kwa maandishi.

Jina lako limo kwenye kesi kwa sababu Ohio ni miongoni mwa majimbo machache yanayoendelea kumpa mke au mume haki ya sehemu katika nyumba iliyo kwa jina la mwenzake. Mdai asipokuunganisha, nyumba ikiuzwa itabaki na haki yako juu yake, na hakuna mnunuzi anayetaka mali ya namna hiyo. Kutajwa kwako hakumaanishi kwamba unadaiwa fedha. Kama hukusaini hati ya deni, deni ni la mume wako. Hata hivyo umefikishiwa samansi, na kwa sababu hiyo majibu yawasilishwe kwa majina yenu wote wawili. Usimwachie yeye ajibu peke yake.

Sasa tuje kwenye uhusiano wa kesi na barua ya marekebisho. Tangu Januari 10, 2014, kanuni za shirikisho zinamzuia msimamizi wa mkopo, yaani kampuni inayopokea marejesho yenu, kufungua kesi kabla deni halijachelewa zaidi ya siku 120. Ninyi mmeshapita muda huo, hivyo kwa hilo hakukosea. Lakini kanuni hizo hizo zinasema kwamba mkopaji akiwasilisha maombi kamili ya nafuu zikiwa zimesalia zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, msimamizi haruhusiwi kuomba hukumu wala amri ya kuuza hadi ayachambue na kutoa uamuzi, na kama ametoa nafuu, hadi mkopaji aikatae au ashindwe kuitekeleza. Neno linalobeba uzito hapo ni "kamili". Ikikosekana karatasi moja, tuseme taarifa ya benki ya mwezi mmoja, ulinzi huo haujaanza. Msimamizi anatakiwa kuwajulisha kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi kama maombi yamepokelewa na kipi kimepungua, kisha ana siku 30 za kuamua tangu yakamilike. Itafuteni barua hiyo. Kama hamkuwahi kuipata, andikeni kuiomba, na kila mnachotuma kitumeni kwa njia inayoacha stakabadhi. Wasimamizi wadogo wenye mikopo isiyozidi 5,000 wamesamehewa sehemu kubwa ya masharti haya, na wakili atawajulisha kama wenu ni mmoja wao.

Kanuni hizi zilitokana na yaliyowapata wakopaji nchi nzima, wakiwemo watu wa jimbo lenu. Katika miaka ya 2004 hadi 2006, mikopo ya subpraimu, yaani ya wateja wenye rekodi dhaifu ya ulipaji au wasio na hati za kuthibitisha mapato, ilitolewa kwa wingi usio na kifani, na iliyoenea zaidi ilikuwa na riba nafuu kwa miaka miwili ya kwanza na riba ya kupanda na kushuka kwa miaka 28 iliyobaki. Chukua mkopo wa dola 200,000 ulioanza na asilimia 7.5: rejesho lilikuwa takriban dola 1,400 kwa mwezi. Mwaka wa tatu riba ikipanda hadi asilimia 10.5, rejesho lilifika kama dola 1,810, na mshahara wa mkopaji haukuwa umeongezeka. Waliotoa mikopo hiyo walijua. Walitegemea kwamba bei ya nyumba itapanda na mteja atakopa upya kabla riba haijabadilika, na kila alipokopa upya walitoza ada nyingine. Dalali naye alilipwa zaidi kadiri alivyomuuzia mteja riba ya juu. Bei ziliposimama, mchezo ukaisha. New Century, mmoja wa wakopeshaji wakubwa wa aina hiyo, iliomba ulinzi wa kufilisika Aprili 2007, na mtaa wa Slavic Village mjini Cleveland ukawa mfano uliotajwa nchi nzima wa nyumba zilizotwaliwa na kuachwa tupu.

Mikopo hiyo ilikuwa imeshaunganishwa kwa maelfu na kuuzwa kwa wawekezaji, kwa hiyo mara nyingi hakuna aliyeweza kuonyesha haraka nani hasa ndiye mwenye deni. Oktoba 31, 2007, Jaji Christopher Boyko wa mahakama ya shirikisho mjini Cleveland alizitupa kesi 14 za Deutsche Bank kwa kuwa hati zilizowasilishwa hazikuonyesha kwamba benki ilikuwa na mikopo hiyo siku ilipofungua kesi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Ohio nayo ikashikilia kwamba mdai lazima awe na haki juu ya mkopo tangu siku ya kufungua kesi, na kwamba kuipata baadaye hakuponyi kasoro. Ndiyo maana wakili wenu akague hati ya deni iliyoambatanishwa, nani ameihamishia kwa nani, na tarehe. Nasema hivi bila kuwatia tamaa, kwa sababu kesi iliyotupwa kwa kasoro hiyo inaweza kufunguliwa tena ikiwa na karatasi sahihi. Mtakachopata zaidi ni muda, ingawa kwa familia inayosubiri lori lirudi barabarani muda una thamani yake.

Marekebisho ya miaka ile yana funzo la moja kwa moja kwa barua mliyopewa. Kati ya mikopo iliyorekebishwa mwanzoni mwa 2008, takwimu za wasimamizi wa mabenki wa shirikisho zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ilikuwa imechelewa tena ndani ya miezi sita. Wengi walishangaa, na wapo waliosema kwamba wakopaji hawa hawasaidiki. Ukichungulia ndani ya mikataba unaona sababu nyingine: mingi haikupunguza rejesho hata kidogo. Malimbikizo na ada vilirundikwa juu ya deni, na mtu aliyeshindwa kulipa 1,400 akaambiwa alipe 1,450. Mpango wa serikali ulioitwa HAMP, ulioanza 2009 na kufungwa mwishoni mwa 2016, ulijaribu kugeuza utaratibu huo. Ulitaka rejesho, pamoja na kodi na bima, lishushwe hadi asilimia 31 ya mapato ghafi ya familia, kwanza kwa kupunguza riba hata hadi asilimia 2, kisha kwa kurefusha muda hadi miaka 40, kisha kwa kuweka kando sehemu ya deni bila riba. Ulilenga familia milioni 3 hadi 4, na waliopata marekebisho ya kudumu walizidi milioni 1.6, pungufu sana ya lengo. Hata hivyo kipimo chake nakiona kuwa cha busara hadi leo, ingawa hakuna sheria inayomlazimisha mkopeshaji wenu kukifuata.

Tukitumie basi. Leo rejesho lenu ni takriban dola 1,888, na mkiongeza 550 za kodi na bima mnafika 2,438, ambayo ni asilimia 39 ya mapato ya dola 6,200. Si ajabu mlianguka lori lilipoharibika. Hata likiwa zima mlikuwa mnatembea ukingoni. Kwa barua mliyopewa, deni lililobaki la takriban 237,400 linaongezwa riba ya miezi mitano, kodi na bima ambazo kampuni imewalipia, na gharama za wakili wake, na kwa makadirio yangu linafika karibu dola 250,400. Kwa asilimia 7.5 na miaka 40, rejesho jipya litakuwa kama 1,648, na pamoja na kodi na bima 2,198, yaani asilimia 35 na kitu ya mapato yenu. Mnapata nafuu ya dola 240 kwa mwezi. Ni nafuu ya kweli, lakini haijawafikisha kwenye 31, ambayo kwenu ingekuwa dola 1,922.

Tazameni pia upande ambao barua haiusemi. Mkiendelea na mkopo huo mpya hadi mwisho wake mtakuwa mmelipa jumla ya dola 790,000 na ushei, ambapo mkopo wa zamani ulikuwa umebakiwa na takriban 645,700. Hata ukiondoa kodi, bima na gharama za wakili zilizoingizwa ndani, tofauti ni kama dola 140,000, na inatokana na miaka 11 na nusu iliyoongezwa. Tena katika miaka ya mwanzo ya mkopo wa miaka 40 karibu rejesho lote ni riba: katika rejesho lenu la kwanza la 1,648, kiasi cha 1,565 kitakuwa riba, na deni litapungua kwa dola 83 tu. Hili pekee halitoshi kuikataa barua. Mkopo wa nyumba mnayoishi wenyewe, wa aina mliyopewa, hauruhusiwi na sheria ya shirikisho kuwa na faini ya kulipa mapema, kwa hiyo baada ya miaka miwili au mitatu ya kulipa bila kuchelewa mnaweza kukopa upya kwa masharti bora au kuuza. Ninaloshauri ni kwamba msisaini kwa kuangalia rejesho peke yake. Andikeni matumizi ya nyumba ya miezi mitatu iliyopita, pamoja na mafuta na matengenezo ya lori, na fedha mnazotuma nyumbani, kwa maana najua hazikatiki. Kama 2,198 inaingia na kubakiza akiba kidogo, barua inafaa. Kama haiingii, mtarudi mahakamani mwakani mkiwa na deni kubwa zaidi ya la leo.

Kabla ya kusaini, ombeni kwa maandishi riba ishushwe zaidi au sehemu ya deni iwekwe kando bila riba, mkiambatanisha bajeti yenu. Kukataliwa hakuondoi nafuu ambayo mmeshapewa, mradi hamjaivusha tarehe yake ya mwisho, na tarehe hiyo iheshimuni. Someni kama kuna kipindi cha majaribio, ambacho kwa kawaida ni miezi mitatu. Katika miezi hiyo rejesho likichelewa hata siku chache mkataba wa kudumu unaweza usitolewe, na fedha mlizolipa zitahesabiwa kwenye malimbikizo. Ulizeni kama kuna kiasi kikubwa kinachodaiwa kwa mkupuo mwishoni. Tafuteni kifungu kinachowataka muachilie madai yenu yote dhidi ya mkopeshaji, na msikikubali kabla wakili hajakiona, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde. Na hakikisheni karatasi inasema kesi itaondolewa mahakamani, lini, na gharama za kuiondoa ni za nani.

Kuhusu mapato aliyoyaandika dalali, swali lako lina pande mbili. Mume wako alisaini maombi, na kutoa maelezo ya uongo kwa mkopeshaji kwa kujua ni kosa la shirikisho, kwa hiyo jambo hili msilizungumze na afisa wa kampuni wala msiliandike kwenye barua kabla ya kuonana na wakili. Upande wa pili unaweza kuwa na faida kwenu. Sheria ya Dodd-Frank ya 2010 inamtaka mkopeshaji athibitishe kwa uangalifu, kwa hati, kwamba mkopaji ana uwezo wa kulipa, na taarifa za benki zinakubalika kama hati. Kama taarifa mlizompa zilionyesha mapato halisi, na kampuni ikakopesha kwa kufuata takwimu za dalali huku ushahidi umo mikononi mwake, mkopaji anaweza kulitumia kosa hilo kama utetezi katika kesi ya kutwaliwa nyumba na kupunguziwa deni, hadi kiasi cha riba na ada za miaka mitatu ya kwanza. Kwa mkopo wenu hizo si fedha ndogo. Mwombeni msimamizi nakala ya jalada lote la mkopo, na msaini kuachilia madai pale tu mtakapojua thamani ya mnachokiachilia.

Ndugu wa dola 3,500 mwambieni hapana kwa heshima. Kanuni ya shirikisho inakataza mtu anayeuza huduma ya kuokoa nyumba kupokea malipo kabla hajamletea mwenye nyumba nafuu ya maandishi kutoka kwa mkopeshaji na mwenye nyumba akaikubali. Washauri wa makazi walioidhinishwa na HUD, wizara ya makazi ya shirikisho, huzungumza na mkopeshaji kwa niaba yenu bila kutoza chochote. Akiwataka mhamishe hati ya nyumba iwe kwa jina lake kwa muda, au mumlipe yeye rejesho badala ya msimamizi, hapo mjue nyumba imeshaondoka.

Marekebisho yasipofaa, zipo njia nyingine mbili za kuzingatia. Sura ya 13 ya sheria ya kufilisika inasimamisha kesi siku ile ile inapofunguliwa, na inawaruhusu kulipa malimbikizo kidogo kidogo kwa miaka mitatu hadi mitano, lakini wakati huo huo mnatakiwa kulipa rejesho la kawaida la 2,438, jambo ambalo kwa mapato ya sasa silioni likiwezekana.

Njia ya pili ni kuuza wenyewe, nayo naiona bora kuliko watu wanavyodhani. Kwa dola 290,000, mkitoa kama 21,000 za mawakala na gharama za mauzo na kulipa deni la takriban 252,000, mnabaki na dola 17,000 hivi mkononi. Nyumba hiyo hiyo ikifika kwenye mnada wa sherifu, wathamini watatu wa kaunti huikadiria, na zabuni ya kwanza inaweza kukubaliwa ikifika theluthi mbili ya makadirio, yaani kama 193,000. Isipopata mnunuzi, mnada wa pili hauna kiwango cha chini. Pengo linalobaki hudaiwa mume wako, ingawa kwa nyumba ya makazi Ohio huacha kulitekeleza deni hilo baada ya miaka miwili tangu mahakama ithibitishe mauzo. Hadi siku ya uthibitisho mnaweza kulikomboa jengo kwa kulipa deni lote na gharama, na mkiuza wenyewe mapema fedha za mnunuzi ndizo zinazofanya kazi hiyo. Kwa hiyo pamoja na majibu ya samansi, wiki hii hii mwandikieni msimamizi awape barua ya kiasi kamili cha kumaliza deni hadi tarehe mtakayoitaja, gharama za wakili zikiwa zimeorodheshwa moja moja, kwa sababu bila tarakimu hiyo hamwezi kulinganisha barua ya marekebisho na bei ya jirani.